Uwekevu wa Kumbukumbu katika Tafsiri kwa Kompyuta: Mchango wa Mofolojia ya Kiswahili

1. UTANGULIZI

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya tatizo moja ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi wa mitambo, ilhali kwa maoni yetu ni tatizo la wanaisimu pia. Tatizo lenyewe ni wingi wa kumbukumbu ya mashine unaohitajiwa na programu za kumsaidia mfasiri. Kadiri hifadhi ya tafsiri inavyokua ndivyo kompyuta inavyozidi kwenda polepole, hata pengine ikakwama kabisa katikati ya kazi. Fundi akiulizwa hushauri inunuliwe kompyuta kubwa zaidi. Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini si kila mfasiri awezaye kuufuata. Na tukiitazama historia ya taaluma hii tutaona kwamba iko njia nyingine, nayo inapita katika uchambuzi wa lugha.

Tutamchukua kama kielelezo mfasiri anayefanya kazi nyumbani kwake Membley. Membley ni mtaa wa makazi ulioko Ruiru, katika Kaunti ya Kiambu, karibu na barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Thika. Eneo la Ruiru lilijulikana zamani kwa mashamba ya kahawa. Siku hizi mtaa huo umo baina ya vyuo vikuu viwili: Chuo Kikuu cha Kenyatta kilichoko Kahawa, na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja. Mtu akaaye hapo yu karibu na wanaisimu kwa upande mmoja na wahandisi kwa upande wa pili. Tena, tangu Katiba ya Kenya ya tarehe 27 Agosti 2010 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, kazi ya kutafsiri imekuwa na uzito wa kisheria ambao haikuwa nao hapo awali. Swali la nani aweze kuifanya kazi hiyo, na kwa mashine ya namna gani, si swali dogo.

Kabla ya kuendelea hatuna budi kutenganisha maana mbili za neno moja. Katika Kiswahili neno "kumbukumbu" limetumiwa kwa sehemu ya kompyuta inayoshika mambo yanayoshughulikiwa kwa wakati huo, na pia kwa mkusanyiko wa sentensi zilizokwisha tafsiriwa. Katika makala haya sehemu ya mashine tutaiita "kumbukumbu", na mkusanyiko wa sentensi tutauita "hifadhi ya tafsiri". Tatizo letu huanza pale hifadhi inapotaka kuingia nzima ndani ya kumbukumbu.

2. ENZI YA KUMBUKUMBU NDOGO

Wazo la kutafsiri kwa kompyuta lilipata nguvu mwaka 1949, Warren Weaver alipowaandikia wataalamu wenzake wa Marekani waraka juu ya jambo hilo. Jaribio la kwanza mbele ya umma lilifanyika New York tarehe 7 Januari 1954, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Georgetown na kampuni ya IBM. Sentensi zaidi ya 60 za Kirusi zilitafsiriwa kwa Kiingereza kwa kutumia msamiati wa vipengele 250 na kanuni 6 tu za sarufi. Mashine iliyotumika, IBM 701, ilikuwa na kumbukumbu ya msingi yenye nafasi 2,048 za biti 36 kila moja, yaani chini ya kilobaiti 10 kwa hesabu ya leo.

Udogo huo uliwalazimisha watafiti kutenda jambo ambalo warithi wao walikuja kulisahau. Haikuwezekana kuiwekea mashine kila umbo la kila neno la Kirusi. Ilibidi shina litengwe na mwisho wake, kila kimoja kiandikwe mara moja, na kanuni iachiwe kazi ya kuviunganisha. Kwa maneno mengine, uchambuzi wa mofolojia uliingia katika kompyuta ukiwa chombo cha kuwekea akiba. Mwaka 1966 ripoti ya kamati ya ALPAC ilionyesha kwamba tafsiri ya mashine haikuwa imetimiza yaliyotarajiwa, na fedha za utafiti huo zikapungua sana nchini Marekani. Somo la uwekevu, hata hivyo, lilikuwa limekwisha patikana.

3. KUZALIWA KWA HIFADHI YA TAFSIRI

Baada ya ripoti hiyo walitokea wataalamu waliopendekeza kwamba mashine imsaidie mfasiri badala ya kukalia kiti chake. Mwaka 1978 Peter Arthern, aliyekuwa katika idara ya tafsiri ya Baraza la Jumuiya za Ulaya, alitoa wazo kwamba matini zilizokwisha tafsiriwa zihifadhiwe pamoja na asili zake, ili sentensi ikijirudia tafsiri yake ya zamani iletwe mbele ya mfasiri. Mwaka 1980 Martin Kay, mtafiti wa Xerox huko California, alieleza mpango wa msaidizi wa mfasiri ambaye angeongezewa kazi hatua kwa hatua. Kampuni ya Trados ilianzishwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1984, na katika miaka ya 1990 programu za namna hii zikaenea. Mwaka 1998 ulitolewa muundo wa TMX, ambao uliwezesha hifadhi iliyotengenezwa kwa programu moja kusomwa na nyingine. Mnamo mwaka 2000 Keith Godfrey alianza kuitengeneza OmegaT, programu ya bure ambayo iliwafaa hasa wafasiri wasio na fedha nyingi.

Hapa ndipo historia ilipobadili mwelekeo. Mashine ya 1954 ilishika mashina na kanuni. Hifadhi ya tafsiri hushika sentensi nzima kama zilivyo, bila kuzichambua. Njia hiyo ni rahisi kuitengeneza, na kwa nyaraka zinazojirudia neno kwa neno hufaa sana. Gharama yake huja baadaye. Tuchukue hesabu ya mfano. Hifadhi yenye jozi 500,000 za sentensi, ikiwa kila sentensi ina herufi 100 kwa wastani katika kila lugha, itakuwa na herufi 100,000,000. Kila herufi ikichukua baiti 2, hizo ni megabaiti 200 za herufi tupu. Juu yake programu huongeza faharasa za kutafutia, maelezo ya nani alitafsiri na lini, na vifungashio ambavyo kila sentensi huvishwa ndani ya mashine. Ikiwa tena programu husoma faili zima la TMX na kulijengea mti wa matawi yote kabla ya kuanza kazi, mti huo waweza kuwa mkubwa mara kadhaa kuliko faili lenyewe. Programu isomayo faili jozi baada ya jozi, ikichukua inachohitaji na kuacha mengine, haipatwi na mzigo huo.

4. KISWAHILI NDANI YA MASHINE

Sasa tuulize: je, njia ya kuhifadhi sentensi nzima bila uchambuzi inazigharimu lugha zote sawasawa? Jibu letu ni la. Tulinganishe sentensi hizi mbili:

(a) Mwanafunzi amesoma kitabu.
(b) Wanafunzi wamesoma vitabu.

Programu inayolinganisha neno zima kwa neno zima haitaona neno hata moja linaloshirikiwa na sentensi hizo, kwa kuwa katika Kiswahili umoja na wingi huonyeshwa mwanzoni mwa nomino na kurudiwa katika kitenzi. Sentensi za maana hiyo katika Kiingereza zingebaki na kitenzi kikuu kile kile, na nomino zingebadilika mwishoni tu. Kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili aliyekwisha tafsiri (a) haletewi msaada wowote anapofika (b). Huitafsiri upya, na hifadhi huongezeka jozi nyingine. Akitaka kupata msaada zaidi, hukusanya hifadhi nyingi zaidi. Upungufu wa uchambuzi hulipiwa kwa kumbukumbu.

Ukubwa wa jambo hili waonekana vizuri katika kitenzi. Tukitazama maumbo tu, bila kurudia yale yanayofanana, viambishi vya mtenda viko 14: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-, i-, li-, ya-, ki-, vi-, zi-, ku-, pa-. Tuchukue viambishi 6 vya njeo na hali: -na-, -li-, -ta-, -me-, -ka-, -ki-. Viambishi vya mtendwa viko 13, bila kuhesabu -ji- ya kujirejelea. Na kwa kuwa kitenzi chaweza kukosa kiambishi hicho, nafasi ni 14. Basi mzizi mmoja kama -som-, katika hali ya kuyakinisha peke yake, una maumbo 14 × 6 × 14, yaani 1,176. Si yote yatakayotamkwa na mtu, lakini sarufi inayaruhusu. Hatujagusa ukanushi, urejeshi, wala mnyambuliko. Mizizi 1,000 ingetoa maumbo 1,176,000. Orodha ya viambishi na mizizi, kwa upande wake, ingekuwa na vipengele 1,033 tu: mizizi 1,000 na viambishi 33.

Wanaisimu wa Kiswahili waliujua uwekevu huu kabla ya kompyuta kufika kwao. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotolewa chini ya uongozi wa Frederick Johnson mwaka 1939 iliyakusanya manyumbuo chini ya kitenzi kilichoyazaa, ikiokoa kurasa kama mashine inavyookoa kumbukumbu. Nadharia iliyouingiza uwekevu huo katika kompyuta ilitoka mbali. Mwaka 1983, katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Kimmo Koskenniemi alitoa nadharia ya mofolojia ya ngazi mbili, ambamo umbo la ndani na umbo la nje la neno huunganishwa kwa kanuni zinazofanya kazi kwa pamoja. Katika chuo hicho hicho Profesa Arvi Hurskainen aliitumia nadharia hiyo kwa Kiswahili, na mwaka 1992 akachapisha maelezo ya kichanganuzi chake. Kazi hiyo ilikua ikawa SALAMA, mfumo wa kushughulikia Kiswahili ambao umetumiwa hata katika majaribio ya tafsiri.

Hata njia hii ina mtego wake, na ni mtego wa kiisimu. Tuchukue umbo "hasomi". Kiambishi ha- cha mwanzoni, katika wakati uliopo, hudai irabu -i mwishoni. Lakini "hajibu" na "hafikiri", zenye vitenzi vya asili ya Kiarabu, hazibadiliki, na "hatasoma" hubaki na -a kwa sababu ya njeo. Mashine isomayo kutoka kushoto kwenda kulia haina budi kuikumbuka ha- mpaka ifike mwisho wa neno. Njia ya kijinga ni kuiandika orodha ya mizizi mara mbili, moja ya kuyakinisha na moja ya kukanusha, kisha mara nyingine kwa kila tegemeano la namna hii. Na hapo mtandao huvimba tena. Mwaka 1998 Kenneth Beesley wa Xerox alieleza namna ya kutumia alama ndogo mfano wa bendera, inayosimamishwa mwanzoni mwa neno na kukaguliwa mwishoni, ili orodha ibaki moja. Bendera hiyo haiwezi kuwekwa na mhandisi asiyejua ni vitenzi gani hubadili irabu na vipi havibadili. Ujuzi huo uko katika idara zetu.

Afrika ya Mashariki yenyewe haikukaa kimya. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kutoa Jambo OpenOffice, programu ya bure ya ofisi yenye maelezo ya Kiswahili. Mwaka 2009 Guy De Pauw, Peter Waiganjo Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na Gilles-Maurice de Schryver walieleza SAWA, mkusanyiko sambamba wa matini za Kiingereza na Kiswahili uliokusudiwa kwa utafiti wa tafsiri. Mkusanyiko kama huo ni hifadhi ya tafsiri ambayo wanaisimu wameikagua, na ukaguzi huo ndio hupunguza marudio na makosa ambayo vinginevyo hubebwa na mashine bure.

5. HERUFI NA BAITI

Jambo la pili ni tahajia. Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930 ilirithi na kuimarisha maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kilatini zisizo na alama za ziada. Uamuzi huo ulikuwa na sababu za uchapaji na za utawala. Hakuna aliyewaza kompyuta, lakini matokeo yake yameifikia. Lugha ya kompyuta iitwayo Java, ambayo kwayo OmegaT imeandikwa, tangu kutolewa miaka ya 1990 iliitengea kila herufi ya kawaida baiti 2. Java 9 ya mwaka 2017 ilibadili utaratibu huo: mfuatano wa herufi ambao wote umo katika orodha ya msingi ya Kilatini hutengewa baiti 1 kwa kila herufi, na ule wenye herufi hata moja iliyo nje ya orodha hiyo hubaki na baiti 2 kwa zote. Kwa Kiswahili, basi, mzigo wa herufi waweza kupungua kwa nusu. Zile megabaiti 200 za mfano wetu huwa 100.

Hata hivyo herufi moja yaweza kuharibu akiba hiyo. Sauti ya ng' huandikwa kwa alama ya ritifaa. Programu za uchapaji zina desturi ya kuigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda, nayo iliyopinda haimo katika orodha ya msingi. Sentensi moja yenye "ng'ombe" au "kung'oa" iliyochapwa kwa ritifaa iliyopinda hurudia ukubwa wake wa zamani kwa herufi zote. Tena hailingani na sentensi ile ile iliyochapwa kwa ritifaa iliyonyooka, hivyo zote mbili huhifadhiwa. Kuamua ritifaa moja na kuisimamia katika hifadhi nzima ni kazi ya mhariri, na faida yake hupimwa kwa megabaiti.

Kwa mfasiri wa Membley, ambaye huenda akatafsiri pia kwa Kigikuyu, lugha ya wenyeji wa Kiambu, hali ni tofauti. Kigikuyu kina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa kwa herufi ĩ na ũ, ambazo hazimo katika orodha ile. Karibu kila sentensi ya Kigikuyu itabaki na baiti 2 kwa kila herufi. Yuko atakayeshawishika kuziacha alama hizo ili apunguze mzigo, kama wengi walivyoziacha kwa kukosa kibodi ya kufaa. Wagacha, De Pauw na Gĩthĩnji walieleza mwaka 2006 namna ya kuifundisha kompyuta kuzirudisha alama hizo mahali pake. Na kuwako kwa utafiti huo kwatosha kuonyesha kwamba kilichoachwa kilikuwa sehemu ya lugha. Uwekevu una mpaka. Alama inayotofautisha irabu haiwezi kuhesabiwa kuwa takataka, na gharama yake ni halali.

6. YAMPASAYO MFASIRI MWENYE MASHINE NDOGO

Tumfikirie sasa mfasiri wetu akiwa na kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4. Mfumo endeshi, kivinjari cha intaneti na programu ya kuandikia vyote vinagawana kumbukumbu hiyo na programu ya tafsiri. Programu za Java huwekewa kikomo cha kumbukumbu ziwezayo kutumia. Kikomo kikiwa kidogo mno, mashine hushughulika kila mara kufagia vitu visivyohitajiwa tena ili ipate nafasi, na kazi hukwama. Kikiwa kikubwa kuliko nafasi iliyopo, mfumo endeshi huanza kuhamishia sehemu ya kumbukumbu kwenye diski, ambayo ni ya polepole zaidi, na kazi hukwama vile vile. Lililo bora ni kuongeza kikomo kwa kiasi, huku nafasi ya kutosha ikiachiwa programu nyingine. Kompyuta za zamani za biti 32 haziwezi kuipa programu moja zaidi ya gigabaiti 4 za anwani, hata kumbukumbu iliyofungwa ndani iwe kubwa namna gani.

Baada ya hapo zinakuja hatua zinazotokana na yale tuliyokwisha eleza. Kwanza, hifadhi igawanywe kwa mada: sheria mbali, afya mbali, kilimo mbali, na inayofunguliwa iwe ile inayohusu kazi iliyopo. Pili, jozi zinazorudiwa ziondolewe, lakini zile zenye asili moja na tafsiri mbili zichunguzwe kwanza, kwa kuwa pengine muktadha ndio uliozitenganisha. Tatu, ritifaa, nafasi na alama za kituo zisanifishwe kabla ya kuhifadhi. Nne, pale programu inapotoa nafasi ya kuweka hifadhi katika diski na kubakiza faharasa tu katika kumbukumbu, nafasi hiyo itumiwe. Tano, istilahi zitolewe katika sentensi na kuwekwa katika faharasa yake, kwa maana mara nyingi mfasiri huibeba hifadhi kubwa kwa ajili ya maneno machache anayoyatafuta humo.

Tukizitazama hatua hizo tano tutaona kwamba ya nne tu ndiyo ya fundi. Kugawa matini kwa mada, kupambanua marudio ya kweli na yasiyo ya kweli, kusanifisha tahajia na kutoa istilahi ni kazi za mtaalamu wa lugha.

7. HITIMISHO

Tumeonyesha kwamba kumbukumbu ndogo ya 1954 ililazimisha uchambuzi. Kwamba wingi wa kumbukumbu uliofuata uliruhusu uchambuzi uachwe. Na kwamba lugha ya viambishi kama Kiswahili ililipa zaidi kwa uamuzi huo, ingawa haikushauriwa. Programu nyingi za kumsaidia mfasiri ziliundwa na watu waliokuwa na lugha za Ulaya mbele yao. Lugha iliyo na sehemu kubwa ya sarufi yake mwanzoni mwa neno huhesabiwa humo kana kwamba haina mpangilio, na mtumiaji wake huambiwa akanunue mashine.

Kazi inayozikabili idara zetu yaweza kutajwa waziwazi. Vichanganuzi vya mofolojia ya Kiswahili na ya lugha nyingine za Kibantu vitolewe kwa namna ambayo programu za tafsiri, hasa zile za bure, zaweza kuvitumia, ili sentensi (a) na (b) zitambulikane kuwa ndugu. Hifadhi za tafsiri za nyaraka za umma zihaririwe na kuwekwa wazi kwa muundo wa TMX. Wanafunzi wa tafsiri wafundishwe kupanga hifadhi kama wanavyofundishwa kupanga kamusi. Idara ya Kiswahili iliyoko Kahawa na wahandisi walioko Juja wametenganishwa na safari fupi ya barabara ya Thika, na Membley imo njiani. Yakifanyika hayo, mfasiri wa hapo ataweza kuendelea na kazi yake kwa kompyuta ile ile aliyo nayo, na lugha itakuwa imemlipia tofauti.